ELIMU YA HAKI YA JINAI NA KALAMU YA KARANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Arusha)



Jambo tulilopewa kulieleza ni hili: mtu akitaka kusoma elimu ya juu ya Chuo Kikuu katika haki ya jinai, yaani mambo ya makosa, polisi, mahakama na magereza, asome nini? Tena akitoka darasani kwenda kutafuta habari kwa watu wenyewe, aende namna gani?

Swali hili limeletwa na vijana wetu wa masijala. Wameona kwamba kila mwaka wageni wenye madaftari hufika Arusha, huuliza habari, hurudi kwao, hutunga vitabu, na huitwa madaktari wa elimu. Nasi tuliowatolea majalada na kuwafasiria maneno ya lugha zetu twabaki pale pale. Vijana wauliza: Je, elimu hii si yetu?

Sisi twajibu kwamba ni yetu, walakini haipatikani kwa kunung'unika. Elimu ya haki ya jinai husimama juu ya neno lililosikiwa sawasawa na kuandikwa sawasawa. Neno likipotoka njiani, hata jaji mwenye busara atahukumu lisilokuwapo, na hata profesa atafundisha lisilokuwapo. Kulichukua neno kutoka kinywani mwa mtu mpaka kwenye karatasi bila kulipunguza wala kulitia chumvi ndiyo kazi yetu ya kila siku. Kwa hiyo karani anayetaka kusoma elimu hii hatoki mikono mitupu. Tutawaonyesha kwa mifano ya hapa hapa.

HABARI ZA MLIMANI

Na tuanze katika miteremko ya Mlima Meru. Katika miaka ya 1950 Serikali ya Tanganyika ya wakati ule ilikuwa na mtaalamu wa elimu ya jamii, Mwingereza, jina lake Philip Gulliver. Alikaa na Waarusha wa mlimani, akahudhuria mabaraza yao, akaandika jinsi walivyomaliza magomvi. Mwaka 1963 alitoa kitabu juu ya mambo hayo, na wanafunzi wa sheria na wa elimu ya jamii katika nchi nyingi wamejifunza kwacho.

Aliona nini? Aliona kwamba mahakama za serikali zilikuwapo, na watu walizijua njia zake. Walakini magomvi mengi, ya mipaka ya mashamba, ya mahari, ya urithi na ya kupigana, yalimalizwa kwa mazungumzo. Mdai alikuja na ndugu zake wa ukoo na wenzake wa rika, na mdaiwa vile vile. Kila upande ulikuwa na wasemaji wake, watu wenye busara na ulimi, mfano wa malaigwanani tunaowajua. Hapakuwa na hakimu wa kukata shauri na kulazimisha. Walisema, wakapunguza, wakaongeza, hata pande zote mbili zikakubali.

Tazameni basi mafunzo mawili yaliyomo. La kwanza ni hili. Mwanafunzi akikaa mjini akahesabu kesi za rejista ya mahakama peke yake, atasema, "Watu wa Ngaramtoni ni wapole mno, hawana magomvi." Kumbe magomvi yapo, ila yamemalizwa chini ya mti, na mti hauna rejista. Hesabu yake ni sahihi, na maneno yake ni ya uongo.

La pili ni kinyume chake. Mwanafunzi akikaa mlimani peke yake atapendezwa na mabaraza, aseme, "Wazee watosha, mahakama za nini?" Naye amekosa. Nguvu ya mtu katika baraza la namna ile ni watu walio nyuma yake. Je, mjane asiye na ukoo wa kumsimamia? Je, msichana aliyeharibiwa na jamaa yake mwenyewe? Yapo makosa ambayo sheria haimruhusu mtu yeyote kuyamaliza kwa mbuzi na pombe, kama kuua na kumnajisi mtoto. Na maneno matamu ya upatanisho huweza kuyafunika. Mtafiti mwema huenda kotekote, kwenye rejista na chini ya mti, kisha huuliza: ni nani asiyeonekana hapa wala kule?

MAHAKAMA ILIYOSIKIA LUGHA TATU

Sasa tushuke mjini. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliazimia kuanzisha mahakama ya kuwahukumu walioongoza mauaji ya kimbari yaliyotokea Rwanda mwaka ule, na Februari 1995 likachagua Arusha kuwa makao yake. Mahakama ile ilikaa katika majumba ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, ikafungwa mwisho wa mwaka 2015. Watu 93 walitiwa katika mashtaka. Mashahidi zaidi ya 3,000 walisikilizwa. Na watu 14 waliachiliwa kwa kuwa hatia yao haikuthibitishwa. Tumelitaja hili la mwisho makusudi, kwa maana mahakama isiyoweza kumwachilia mtu haistahili jina hilo.

Hukumu yake ya kwanza ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mwalimu, kisha meya wa komuni ya Taba. Majaji walikuwa watatu: Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden, na Navanethem Pillay wa Afrika ya Kusini. Akayesu alionekana na hatia ya mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya mataifa kutoa hukumu ya namna hiyo tangu mapatano ya mwaka 1948 juu ya kosa hilo, na mara ya kwanza kusema kwamba kunajisi wanawake kwa nguvu huweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Mambo hayo yamo katika vitabu vyote. Sisi makarani twapenda kuwaonyesha jambo lingine, lililomo katika hukumu ile ile na ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Maneno yao yalifasiriwa Kifaransa, na kutoka Kifaransa yakafasiriwa Kiingereza. Majaji waliona hatari ya safari hiyo ndefu, wakaandika sehemu nzima ya hukumu juu ya tafsiri, na wakamwita mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Rwanda, Dokta Mathias Ruzindana, awaeleze maneno.

Aliwaeleza kwamba neno halina maana moja tu milele. Lazima kujua limesemwa wapi, lini na kwa nani. "Inyenzi" ni mende, mdudu wa jikoni. Walakini katika miaka ya 1960 waliitwa hivyo wakimbizi waliorudi kupigana usiku, na baadaye jina lile likatupiwa Watutsi. "Inkotanyi" lilikuwa jina la wapiganaji wa zamani, likawa jina la askari waliotoka nje kuipiga serikali, kisha kwa vinywa vingine likawa jina la Mtutsi yeyote. "Ibyitso" ni wasaidizi wa adui. Basi mtu akisimama mbele ya mkutano akasema, "Tafuteni ibyitso," amesema nini? Amewataja askari wenye bunduki, au jirani na watoto wake? Roho za watu zilikuwa juu ya neno hilo siku lilipotamkwa, na miaka michache baadaye kifungo cha maisha cha mtu mmoja kikawa juu ya tafsiri yake.

Vile vile maneno ya kunajisiwa. Mashahidi walitumia maneno manne mbalimbali. Moja lilikuwa "kuryamana", na lingine "gufata ku ngufu". Sisi wasema Kiswahili twakaribia kuyasikia bila mkalimani: la kwanza ni kulala pamoja, la pili ni kukamata kwa nguvu. Mgeni asiyejua angeandika kwamba shahidi wa kwanza alilala na mtu kwa hiari yake. Majaji waliyachungua, wakatazama habari yote iliyozunguka neno, wakaridhika kwamba mashahidi walisema juu ya kunajisiwa. Ndugu zetu, je, mambo hayo ni ya Rwanda tu? Ni mara ngapi mama wa kwetu amefika kituoni akasema, "Alinifanyia kitendo kibaya," na aliyeshika kalamu akaandika "alimtukana"?

Mtaalamu yule aliwaeleza majaji tena juu ya desturi. Watu wengi waliozoea habari za mdomo husimulia waliyoyaona na waliyoyasikia kwa namna moja. Walakini ukiwauliza taratibu, hutenga vizuri: hili niliona, hili niliambiwa. Wengi wa vijijini hawakuzoea tarehe, saa na vipimo vya njia, wala ramani. Wengine hawajibu moja kwa moja swali la aibu. Majaji waliyapima hayo yote, wasimhesabu shahidi kuwa mwongo kwa sababu hizo peke yake.

Tena kuna jambo lililotuingia sana moyoni. Hati ya kwanza ya mashtaka haikutaja kunajisi hata mara moja. Mama mmoja, aliyeitwa Shahidi J ili jina lake lisijulikane, alikuwa akitoa ushahidi juu ya mambo mengine. Akasema kwamba binti yake wa miaka sita alinajisiwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza jambo hilo kabla. Mwezi Juni 1997 mashtaka yakaongezwa, na hukumu ikawa kama tulivyosema. Basi mwanafunzi wa elimu hii ashike neno hili: asiyeulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake huingia katika karatasi kana kwamba hakuna kilichotokea.

ELIMU ILIYOCHUKUA MIAKA THELATHINI KUFIKA MAHAKAMANI

Wengine husema, "Kwenda kuuliza wazee habari za zamani kuna faida gani?" Tutawajibu kwa mfano wa Alison Des Forges, Mmarekani. Alikuwa mwanafunzi katika miaka ya 1960, akaenda Rwanda kutafuta habari za ufalme wa Musinga, aliyetawala tangu 1896 hata 1931. Alipata shahada yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1972. Wakati ule nani angedhani kwamba habari za baraza la mfalme zingekuwa na kazi mahakamani? Walakini mwaka 1997 mama huyu alisimama hapa Arusha kama shahidi mtaalamu katika kesi ya Akayesu, akarudi tena katika kesi nyingine nyingi, kwa kuwa aliijua nchi, mila na mpango wa utawala wake. Mwaka 1999 alitoa kitabu kikubwa juu ya mauaji yale. Alikufa Februari 2009 katika ajali ya ndege kwao Marekani.

Baadaye wakaja watafiti walioichungua mahakama yenyewe. Mmoja wao, Nigel Eltringham wa Uingereza, aliketi katika vyumba vya kesi vya Arusha akitazama kazi ya kila siku, akazungumza na majaji na mawakili, akatoa kitabu mwaka 2019. Twaona faida ya kazi hiyo, kwa maana karatasi ya mwenendo wa kesi huandika neno, haiandiki kwikwi ya shahidi wala nusu saa ya kungojea mkalimani.

Tena mambo ya kusoma hayajakwisha. Wako walioachiliwa, na wengine waliomaliza vifungo vyao, waliokaa miaka mingi katika nyumba ya mji huu kwa kukosa nchi ya kuwapokea, hata Desemba 2021 wanane wakapelekwa Niger. Mtu ameambiwa, "Wewe huru," asiwe na mahali pa kwenda. Je, haki yake imetimia? Nani wa Arusha ameandika juu ya jambo hilo, naye alipita mbele ya nyumba zile kila asubuhi akienda kazini?

JALADA LA MTU MNYONGE

Msidhani elimu hii ni ya kesi za wakubwa tu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia Arusha mwaka 2007. Tarehe 20 Novemba 2015 ilitoa hukumu katika shauri la mfungwa Mtanzania aliyekuwa amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Ikaona kwamba haki yake ya kujitetea ilivunjwa, na sababu mojawapo ni kwamba katika kosa zito kama lile hakupewa wakili. Novemba 2019 serikali ilitangaza kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka mashauri yao huko moja kwa moja. Twawaachia wanasheria kujadili jambo hilo. Walakini majalada ya mashauri yaliyokwisha kufika ni shamba la elimu. Tena mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman, ilichungua polisi, mashtaka, mahakama na magereza ya nchi nzima. Bwana huyu zamani alikuwa mkuu wa waendesha mashtaka katika Mahakama ya Rwanda hapa Arusha. Mwaona jinsi elimu iliyopatikana katika mambo ya mataifa inavyorudi nyumbani kutazama mahabusu wetu.

Juu ya mahabusu, mwanafunzi mmoja tunayemjua alikwenda katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, kusoma jalada la mtu aliyengojea kesi. Karatasi ya mwisho ya kuahirisha haikuwa na tarehe. Mtu yule alikuwa amekaa ndani siku ngapi tangu siku ile? Jalada halikusema. Mwenyewe alipoulizwa alisema, "Tangu mavuno ya maharage." Mwanafunzi hakucheka, wala hakuandika "hajui." Aliuliza kijijini maharage yalivunwa lini mwaka ule, kisha akaomba kitabu cha lango la gereza, na pale tarehe ilikuwapo, imeandikwa na askari mwenye mkono mzuri. Zilitofautiana kwa juma moja tu. Neno la mkulima, kitabu cha askari na jalada tupu: hivyo vitatu vikiwekwa pamoja ndiyo kazi ya utafiti. Tarehe moja isiyoandikwa ilikuwa imemfanya mtu mzima kuwa kama hayupo.

MASHARTI YA KWENDA NYANJANI

Basi anayetaka njia hii na ashike mambo haya.

Kwanza, apate chuo. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, cha kwanza katika chuo kile. Chuo Kikuu Huria, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992, chamfaa mtumishi asiyeweza kuacha kazi. Hapa jirani, Makumira, sheria hufundishwa. Na Lushoto kuna chuo cha watumishi wa mahakama.

Pili, apate kibali cha utafiti kabla ya kuuliza mtu neno, kwa njia ya chuo chake au ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha barua za mkoa na wilaya, kisha apige hodi kwa mtendaji na kwa wazee. Asitumie ufunguo wa masijala kama kibali. Jalada tulilokabidhiwa kwa kazi si mali yetu ya kusomea shahada.

Tatu, ajue lugha. Kiarusha na Kimeru ni lugha mbili mbalimbali, na Kiswahili cha kituo cha polisi ni cha tatu. Aandike neno la mtu kama lilivyotoka, ndipo aweke tafsiri kando yake.

Nne, kila habari aitie alama: ameona, amesikia, au ameambiwa kwamba fulani alisikia.

Tano, afiche majina. Ikiwa mahakama ya mataifa yenye askari na walinzi ilimwita mama wa watu kwa herufi moja, sembuse mwanafunzi anayerudi mjini kwa basi na kumwacha shahidi wake kijijini pamoja na mshtakiwa?

Sita, arudishe. Aliyekupa habari apewe jibu, hata kwa mdomo, kwa lugha yake.

MASHAURI YETU KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, tusiseme maneno matupu. Chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza, Martin Kayamba, alikuwa karani. Mwaka 1931 alivuka bahari kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kalamu ya karani ilimfikisha huko.

Basi twaleta mashauri matatu. La kwanza, wanachama wanaotaka kusoma wakutane mara moja kwa mwezi, wasome hukumu moja pamoja, wakianza na ile ya Akayesu. La pili, chama kifungue daftari la maneno, yaani maneno ambayo watu wa Arusha na Meru hutumia wanapoeleza makosa, hasa yale ya aibu, pamoja na maana zake, liwafae makarani wa mahakama na wa polisi. La tatu, kila mtafiti atakayesaidiwa na mwanachama, mgeni au mwenyeji, aombwe kutuachia nakala ya kazi yake, tupate kuisoma na kumwambia kama ametusikia sawasawa.

Wageni wasizuiwe; wengine wao wametufundisha mambo ya mlima wetu tusiyokuwa tumeyaandika wenyewe. Walakini itakuwa aibu ikiwa mtu wa mbali ataendelea kusafiri maelfu ya maili kuja kusikiliza yale ambayo sisi tumeketi karibu nayo, masikio yakiwa wazi na kalamu ikiwa mkononi, tusiyaandike.

Mashauri yapo mezani; twaomba yajadiliwe.